Nyumba isiyopumua: yale ambayo dunia yajifunza upya nasi twayabomoa



Miaka kumi iliyopita nilijenga nyumba yangu ya kwanza, upande wa Kisauni. Nilijenga kama walivyojenga majirani: mawe ya kuchonga, lipu ya simiti ndani na nje, dari ya zege bapa juu, na madirisha ya vioo vya kuteleza ambayo hufunguka nusu tu. Uwani nikamwaga zege kote ili mvua isituletee matope. Mti mmoja wa mkungu uliokuwa upande wa magharibi niliukata kwa sababu majani yake yalikuwa yakichafua. Siku ya kuhamia tulisoma maulidi, tukala pilau, nami nikajiona mtu.

Februari yake, kaskazi ikiwa imelala na hata jani halitikisiki, mama alikuja kukaa nasi. Usiku wa tatu, saa nane, nilimkuta nje barazani amejitanda kanga aliyoilowesha maji. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, mashallah, lakini haipumui. Kesho nirudishe kwangu."

Kwake ni Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe aliyoiacha babu. Inavuja. Boriti tatu za chumba cha nyuma zimeliwa na mchwa. Lakini mama hulala humo bila feni mwaka mzima, isipokuwa wiki chache za joto kali.

Naandika haya kwa sababu nyumba hiyo sasa imefikia njia panda. Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Ghuba, ametuma pesa na makadirio ya kontrakta: kubandua chokaa yote na kupiga lipu ya simiti, kutoa boriti zote na kumwaga zege, kutia madirisha ya vioo, na eisii tatu. Nia yake ni njema; ataka mama apumzike. Familia itakutana wiki ijayo, na mimi, niliyejenga jiko nikaliita nyumba, ndiye nimeombwa kutoa rai.

Mimi si mhandisi. Diploma yangu ni ya hesabu za biashara. Kwa hiyo nimefanya nilichoweza: nimesoma, nimewauliza mafundi, na nimepiga hesabu. Nayaweka hapa kwa kuwa najua mjadala huu hauko nyumbani kwetu peke yetu.

Nyumba rafiki wa mazingira ni ipi?

Wengi tukisikia maneno haya twafikiria paneli za sola juu ya paa. Sola ni kitu kizuri, lakini ni sehemu ndogo ya habari. Nyumba huulizwa maswali manne. Vifaa vyake vilitoka wapi na viligharimu moto kiasi gani kuvitengeneza? Ikishakaliwa, yahitaji umeme kiasi gani ili binadamu astarehe? Maji yaingia na kutoka vipi? Na siku ikizeeka, yaweza kutengenezwa, au ni kubomoa na kutupa?

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba majengo na ujenzi wake huchangia zaidi ya thuluthi moja ya hewa ya kaboni inayotokana na matumizi ya nishati duniani. Simiti peke yake, au saruji kama iandikwavyo vitabuni, huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni yote inayotolewa na shughuli za binadamu. Sababu ni mbili. Kwanza, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450, na moto huo wataka makaa au mafuta mengi. Pili, jiwe lenyewe likiungua hutoa kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake. Hata ukichoma kwa jua, hiyo ya pili itatoka tu.

Kuna vyeti vya kupima majengo. Waingereza walianza na BREEAM mwaka 1990, Wamarekani wakafuata na LEED, na shirika la IFC la Benki ya Dunia lina EDGE, ambayo hutaka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Vyeti hivi husaidia kwenye mahoteli na maofisi. Mtu anayejenga vyumba vitatu Likoni hatavihitaji, ila maswali yake ni yaleyale.

Jambo moja lazima tulitie akilini kabla ya kuzunguka dunia. Nchi za baridi tatizo lao ni kuzuia joto lisitoke. Mwaka 1991, mjini Darmstadt, Ujerumani, zilijengwa nyumba zilizozibwa barabara, kuta nene zenye sufi na madirisha ya vioo vitatu, hata zikawa karibu hazihitaji moto wakati wa theluji. Mtindo huo huitwa Passivhaus. Ni kazi ya akili sana, kwa Darmstadt. Sisi twataka kinyume chake: joto lisiingie, na likiingia lipate mlango wa kutokea. Makosa mengi ya pwani, yangu yakiwemo, ni kujenga sanduku lililozibwa mahali palipotaka tundu la upepo.

Misri: mtu aliyejenga kwa udongo

Katika habari hizi jina la kwanza ni Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyeishi kuanzia 1900 hadi 1989. Wakati wenzake walikuwa wakikimbilia zege na vyuma, yeye alikwenda kwa Wanubi wa Aswan na kukuta mafundi wanaojenga paa la kuba na la mgongo wa pipa kwa matofali ya udongo mabichi, bila kutumia ubao hata mmoja wa kushikilia. Nchi isiyo na mbao, yenye udongo tele: kwake hilo lilikuwa jibu la nyumba ya maskini.

Katikati ya miaka ya 1940 serikali ilimpa kazi ya kujenga kijiji kipya, New Gourna, karibu na Luxor, ili kuwahamisha watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya mafirauni. Alijenga msikiti, soko, shule na nyumba zenye ua wa ndani, kuta nene, na matundu ya kushika upepo wa kaskazini. Zilikuwa nyumba za baridi na za bei ndogo.

Watu hawakuhamia. Riziki yao ilikuwa pale pale juu ya makaburi, kwa watalii na kwa vitu vya kale, na hawakutaka kuondoka. Kijiji hakikukamilika. Kitabu alichokiandika kuhusu kisa hicho, Architecture for the Poor, kimesomwa duniani kote, na mwaka 1980 alipewa heshima ya pekee katika Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Lakini somo la Gourna ni chungu: nyumba yaweza kuwa sahihi kwa hewa na udongo, ikakosea kwa mwenye kuikaa. Nitalirudia hili nikifika kwa ndugu yangu.

Yazd, Shibam na Djenné

Mji wa Yazd nchini Iran uko jangwani. Juu ya nyumba zake husimama minara ya upepo iitwayo badgir. Mnara hushika upepo wa juu, ambao una kasi zaidi na vumbi kidogo, na kuuteremsha vyumbani; upepo ukikosekana, hewa ya moto ya ndani hupanda na kutoka kwa njia hiyohiyo. Mnara wa bustani ya Dowlatabad una urefu wa takriban mita 33. Mahali pengine hewa hupitishwa juu ya maji ya mifereji ya chini ya ardhi kabla ya kuingia chumbani. UNESCO iliutia mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017.

Shibam, Hadhramaut, wengi wetu tuna babu aliyetoka upande huo. Ni maghorofa ya matofali ya udongo yaliyosongamana ndani ya ukuta mmoja, mengi yakitokana na karne ya 16, mengine yakifika orofa saba. Kwa kusongamana, kila nyumba humpa jirani yake kivuli. Juu hupakwa chokaa ili mvua isile udongo.

Na Djenné, Mali, ndiko uliko msikiti mkubwa wa udongo. Jengo la sasa lilikamilika 1907. Kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika upya, wazee wakisimamia na vijana wakipanda kwenye vijiti vya mitende vilivyochomoza ukutani, ambavyo huwa ngazi yao. Watu wa nje hudhani kukandika kila mwaka ni udhaifu wa udongo. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo nguvu yake: msikiti haujawahi kukosa fundi kwa sababu kila kizazi hushika matope. Sisi tulikuwa na yetu. Sakafu za chokaa zilipondwa kwa vijiti siku nzima, watu wengi pamoja, kwa nyimbo. Leo ukitaka kazi hiyo utatafuta fundi kama utafutavyo dawa adimu.

Harare: jengo bila viyoyozi, na onyo kwa watu wa pwani

Mwaka 1996, mjini Harare, lilifunguliwa jengo la maduka na maofisi liitwalo Eastgate. Msanifu wake, Mick Pearce, akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup, aliambiwa ajenge bila mitambo ya kawaida ya kupoza hewa. Alivutiwa na vichuguu vya mchwa. Usiku feni huvuta hewa baridi ipite kwenye mapango ya sakafu nzito za zege, sakafu hupoa. Mchana hewa ipitayo humo huwa na ubaridi, kisha ikishapata joto la watu hupanda na kutoka juu kwa mabomba. Pesa ambayo ingenunua mitambo iliokolewa, na jengo hutumia nishati pungufu kuliko maofisi mengine ya kiasi chake. Baadaye watafiti walionyesha kwamba kichuguu chenyewe hakifanyi kazi vile hasa ilivyodhaniwa. Jengo lafanya kazi hata hivyo.

Sasa onyo. Harare iko juu mlimani, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Yazd ni jangwa. Jua likizama joto huanguka. Kuta nene na sakafu nzito hufaidi pale ambapo usiku hupoza kilichochomwa mchana. Mombasa usiku wetu haupoi sana, na unyevu ni mwingi. Ukileta ujanja wa Harare hapa kama ulivyo, utakuwa na zege lililohifadhi joto la mchana ili likutolee jasho usiku. Hiyo ndiyo dari yangu ya Kisauni. Hapa kinga yetu ya kwanza ni kivuli, ya pili ni upepo, na unene wa ukuta huja baadaye, tena ukiwa na kivuli.

Gando: paa juu ya paa

Lililonifungua macho mimi ni darasa la kijijini. Francis Kéré alizaliwa 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kusomea useremala, akaishia kusomea usanifu majengo Berlin. Kabla hata hajamaliza masomo, alichangisha pesa na kurudi kuwajengea watoto wa kwao shule, iliyokamilika 2001.

Wazee walitaka simiti. Udongo, walisema, hubomoka kwa mvua. Kéré hakubishana nao kwa maneno tu. Alichanganya udongo wa hapo na simiti kidogo, akaukandamiza kuwa matofali, na akawaonyesha. Kijiji kizima kilifanya kazi: watoto walibeba mawe ya msingi, akina mama walileta maji. Juu ya vyumba aliweka dari ya matofali yenye nafasi, kisha akalinyanyua paa la mabati juu kabisa ya dari hiyo, kwa vyuma vyembamba, likiwa limetokeza pande zote. Mabati hupigwa na jua, lakini moto wake hauwafikii watoto: upepo hupita kati ya paa na dari ukauchukua. Paa lililotokeza nalo hulinda kuta za udongo zisipigwe na mvua.

Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani yake. Huku Kenya kazi yake iko kando ya Ziwa Turkana, chuo cha vijana cha Startup Lions kilichokamilika 2021, chenye minara mirefu inayotoa hewa ya moto vyumbani.

Niliposoma hayo nilipanda juu ya dari yangu, nikasimama juu ya zege lililokuwa likichoma soli za viatu, nikajicheka. Mwaka uliofuata nilijenga paa la mabati mita moja juu ya ile dari, pande zote wazi. Nilibomoa nusu ya zege la uwani na kupanda mwarobaini upande wa magharibi, pale ulipokuwa mkungu. Awali, saa mbili usiku ukigusa dari kwa mkono ulikuwa ukiuondoa haraka. Sasa ni vuguvugu tu. Kabla ya hapo nilikuwa nimetia eisii mbili na tokeni za umeme zilipanda kutoka shilingi 3,000 hadi 11,000 kwa mwezi. Sasa nazungukia 4,500, na eisii moja nimeiuza.

Haki isemwe: sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana. Kwa hiyo eisii ya Mombasa haichafui hewa kama ile ya nchi inayochoma makaa. Lakini mfuko wangu haujui umeme umetoka wapi, na eisii humtupia jirani joto dirishani.

Nyumba za Mwenyezi Mungu

Misikiti nayo imo katika habari hii, na naisema kwa kuwa kila mtaa wetu una kamati ya ujenzi. Dhaka, Bangladesh, uko msikiti wa Bait Ur Rouf, uliojengwa na msanifu Marina Tabassum kwenye ardhi iliyotolewa na bibi yake, ukakamilika 2012. Hauna kuba wala mnara. Ni matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa matundu, mwanga ukishuka kutoka juu, na hewa ikipita yenyewe. Dhaka ina joto na unyevu kama sisi. Ulipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2016.

Cambridge, Uingereza, msikiti mkuu uliofunguliwa 2019 una nguzo za mbao zinazokutana juu kama matawi ya miti, mianga ya paani inayofanya taa zisihitajike sana mchana, na maji ya mvua yanayokusanywa kwa ajili ya vyoo na bustani.

Hili la maji lisitushangaze. Misikiti yetu ya zamani ilikuwa na kisima na birika, na mtu alichota kwa kata akatawadha kwa maji machache. Leo twafungua mfereji ukamwagika mwanzo wa udhu hadi mwisho, ilhali paa la msikiti lilelile lamwaga mvua ya masika barabarani.

Pesa za mafuta zimerudi kwenye kichochoro

Hapa nazungumza na ndugu yangu, ambaye husoma safu hii. Huko huko Ghuba, Abu Dhabi ilianza kujenga mji wa Masdar, ikiwaajiri Foster + Partners wa London. Walitarajia kuumaliza 2016. Ratiba ikasogezwa mbali sana. Lakini angalia walichofanya kwa pesa zote hizo: vichochoro vyembamba vyenye kivuli, majengo yaliyosogeleana, na mnara wa upepo wa mita 45. Ni yale yale ya Yazd na Shibam. Ni yale yale ya Lamu.

Milan nako wana maghorofa mawili yaliyofunikwa kwa miti, Bosco Verticale, ya 2014. Ni mazuri kwa macho na kwa ndege, ila kubeba udongo na miti huko juu kumetaka zege la ziada. Kijani cha nje kisitudanganye.

Nyumba yetu ya mawe inafanyaje kazi?

Mji wa Lamu uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake ndizo mfano bora. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zikikaribia nusu mita kwa unene. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mlangoni kuna daka lenye baraza. Ukiingia wakuta kiwanda kilicho wazi juu, ambacho ndicho pua ya nyumba: hewa ya moto hutokea hapo, na vyumba hupokea mwanga bila jua. Vyumba vya ndani kabisa, vyenye zidaka ukutani, ndivyo vyenye giza na baridi. Juu kabisa hutiwa paa la makuti, lililo wazi kwa kusi na kaskazi, na watu hulala hapo joto likizidi. Kichochoro huzipa kuta kivuli. Kwa hiyo ule unene wa ukuta hufaidi, maana haukai juani.

Chokaa nayo ina kazi. Jiwe la matumbawe lina vitundu na hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani. Chokaa huuachia utoke. Ukipiga simiti juu yake, unyevu hukwama, chumvi hula jiwe kwa ndani, na baada ya miaka lipu huanguka kwa mapande pamoja na ngozi ya ukuta. Fundi mmoja mzee, mtu wa Lamu, aliniambia akigonga ukuta wetu kwa kidole: "Hii nyumba ya mama yako haijafa. Mukiitia simiti ndipo mutakapoiua, na itachukua miaka kumi kuanguka, mutasema ni uzee."

Lakini nisipambe. Ya kale yalikuwa na deni lake. Matumbawe mengine yalikatwa baharini yakiwa hai. Chokaa ilichomwa kwa kuni nyingi. Mikoko ilikatwa kwa mashua na mashua, ikapelekwa mpaka Ghuba kujengea nyumba huko, hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Makuti huwaka moto, na mitaa imeteketea. Leo mikoko tunaihitaji ikiwa hai: hushika pwani isiliwe na mawimbi, hulea samaki, na hufunga kaboni. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huwalipa wanakijiji kwa kuitunza, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Kwa hiyo anayetaka boriti anunue kwa mkataji mwenye leseni, au atumie mvinje, ambao wakulima wetu huupanda na hukua upesi.

Kwa anayejenga mwezi huu

Usipate wazo kwamba haya ni ya wenye nyumba za mawe tu. Elekeza upande mrefu wa nyumba kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Weka madirisha yakitazamana, yafunguke yote, kusi iingie huku itokee kule. Dari iwe juu, na kati ya dari na mabati uache matundu ya hewa pande zote mbili. Toa paa nje zaidi ya ukuta, hata nusu mita. Usikate mti wa magharibi. Mimi nimelipia somo hilo. Uwani acha udongo au changarawe. Funga mfereji wa paa ujaze tangi. Nyumba ya udongo na fito yenye msingi wa mawe na paa lililotokeza haina aibu yoyote. Gando imepata tuzo ya dunia kwa akili hiyohiyo.

Nitakachosema wiki ijayo

Kwa fedha ileile ya makadirio, fundi wa chokaa ameniambia tunaweza kubadilisha boriti saba mbovu, kuziba uvujaji, kupiga lipu ya chokaa, na kutia mfereji wa kurudisha mvua kwenye birika la uwani lililokauka tangu utoto wetu. Itabaki akiba ndogo. Kazi itachukua miezi mitano, si miwili, na hilo ndilo ndugu yangu halitaki. Ataka iishe kabla ya Ramadhani. Tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kubadilisha jengo humo kwataka idhini. Kontrakta hakuligusa hilo katika makadirio yake.

Nimekumbuka Gourna pia. Sitaki kuwa Fathy asiyeulizwa na watu wake. Ndugu yangu akija likizo hukaa chumba cha juu, na mwili wake umezoea ubaridi wa mashine. Nitapendekeza chumba hicho kimoja kitiwe eisii, kizibwe vizuri, na aendelee na raha yake. Vyumba vingine vibaki na pua zao. Na vijana wawili wa ukoo, waliokaa bila kazi tangu wamalize shule, washike mwiko pamoja na yule mzee, wajifunze chokaa kabla hajaondoka nayo.

Mama nilimuuliza jana anataka nini hasa. Hakuzungumzia simiti wala chokaa. Alisema, "Nataka isinivujie, na nataka niendelee kusikia adhana ya alfajiri dirisha likiwa wazi." Mwenye nyumba amesema. Ndugu yangu, makadirio yako yana vioo vya kufunga na mashine tatu za kuunguruma. Njoo tuzungumze.